Siku Ulipomruka Mzee Mihayo Mlangoni

Mwanangu Mwajabu,

Hadithi yako watu wote wanaikosea, na mimi nimechoka kuwasikiliza. Nimeisikia kwenye gulio huku kwetu Handeni, nimeisikia stendi ya Korogwe, nimeisikia hata kwa fundi cherehani mmoja pale Manundu. Hakunijua mimi ni nani, akanisimulia habari zangu mwenyewe na katikati akaniua. Eti Mzee Mhina alianguka kwa presha siku ileile, akazikwa suruali yake ikiwa bado imechanika. Nikamwambia endelea fundi, marehemu anapenda sana hadithi.

Mwingine anasema nilitoka na panga nikawakimbiza wageni mpaka barabarani. Mwingine anaapa kwamba mbuzi tulimla kwanza, ndipo tukaenda polisi tunajifuta mafuta mdomoni. Na wako wanaokueleza ulichosema wewe kortini, neno kwa neno, wakati mlango wa korti siku ile ulifungwa, hata mimi baba yako niliachwa nje na wauza karanga.

Kwa hiyo naiandika mimi. Wa kuisimulia vizuri tangu hapa mpaka mto Pangani ni mmoja tu, na unamjua, ana kalamu mkononi sasa hivi. Darasani sikukaa. Kusoma nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, nina ndevu tayari, na mwalimu wangu alikuwa mdogo kuliko mimi. Lakini nikifungua mdomo, hata mgonjwa anaomba asife kwanza, asikie mwisho wake. Ukiona herufi zangu zimeinama, usizicheke. Zimekaa kitako zinasikiliza.

Mambo ya chandarua, sijui kufua, sijui usikae na njaa ukamwonea aibu mwenye kantini, mama yako ameshakujazia masikio. Kesho alfajiri basi linakuchukua kwenda chuo cha ualimu, na mimi stendi nitafanya mizaha mpaka liondoke, si unanijua. Ndiyo maana nakupa hii. Isome ukishafika.

Nianze na lile ambalo watu hawalisimulii kwa sababu hawalijui.

Ulipokuwa kidato cha tatu unakaa kwa shangazi yako Korogwe, ulikuwa unadaka mpira wa netiboli kama mtu anayechuma papai. Mimi kifua mbele. Kila mtu niliyekutana naye nilimwambia binti yangu anachezea timu ya shule, kesho wilaya, keshokutwa taifa. Na nikaongeza, nasikia aibu kuiandika: mwalimu wake wa michezo anampenda sana, anambakiza jioni peke yake kumfundisha zaidi. Niliyasema hayo kwenye gulio kwa sauti. Nilijisifu nayo kama mtu anayejisifu kwa ng'ombe.

Jina la huyo mwalimu sitaliandika. Karatasi hii nimeinunua kwa hela yangu. Nitamwita Filimbi, maana ndicho kitu kilichokuwa shingoni mwake siku zote.

Ulikuja likizo ukaniambia unataka kuacha netiboli. Nilikuwa napukuchua mahindi. Nikakuuliza, "Unaogopa mpira, au umenenepa?" Watu waliokuwepo wakacheka, nikaona nimesema jambo zuri, nikaongeza na jingine. Ukacheka na wewe kidogo, ukaingia ndani. Mwanangu, mimi mizaha nimezaliwa nayo, imenipa chakula, imenipa marafiki, imenipa hata mama yako. Siku ile ilinipofusha. Mtoto alikuja kugonga mlango, mimi nikadhani anapiga ngoma nicheze.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Ukashuka kwenye bodaboda huna mkoba, umevaa kanga ya shangazi yako, nguo zako za michezo zimekunjwa kwenye gazeti. Ukapita moja kwa moja kwa mama yako jikoni. Mimi nilikaa nje nikisikia sauti yako ndogo, halafu sauti ya mama yako ambayo sijawahi kuisikia tena. Alichokufanyia Filimbi sitakiandika. Wewe ulikisema mahali pake, mbele ya hakimu, kikaandikwa na wenye kazi hiyo. Inatosha.

Mama yako akachota maji. Akamimina sabuni ya unga, akataka azifue zile nguo, na akimaliza kuzifua azichome. Alitaka kukutoa uchafu wa mtu mwingine, hakujua njia nyingine. Wewe ukaushika ule mkono wake uliojaa povu ukasema, "Mama, usifue. Zinatakiwa." Nikauliza zinatakiwa na nani. Ukasema aliwahi kuja askari mwanamke shuleni kwenu, akasimama mbele ya foleni akasema ukifanyiwa jambo, usioge, usifue, njoo dawati la jinsia na watoto, njoo hivyohivyo. Ukasema wenzako walicheka, na wewe ulicheka. Lakini ulisikia.

Hapo ndipo nilipoanza kukuogopa, kwa uzuri. Mimi nisingekumbuka hata jina langu.

Tukasema kesho asubuhi tutakwenda. Lakini Filimbi alijua umekimbilia nyumbani, na hakulala. Kesho yake, kabla chai haijachemka, mbele ya nyumba kuna wageni: wajomba zake wawili, mwalimu mmoja mwenzake, beberu mwekundu wa kamba, na mbele yao Mzee Mihayo.

Sasa wasimuliaji wa gulioni hapa wote wanaharibu, maana hawaelezi Mihayo ni nani. Wewe unajua, lakini watakaoipata barua hii baadaye wajue. Mihayo ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja kukata mkonge, akabaki. Sisi Wazigua na wao ni watani tangu enzi za mababu. Mimi namwita mpagazi wangu, yeye ananiita Mzigua wa kulala na jua. Nikifiwa mimi, yeye ndiye anayekuja kulizuia jeneza mlangoni, analala chini, anasema hatoki mpaka apewe jogoo, na hakuna wa kumkasirikia. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikwambia kaa, unakaa, ukitaka kununa kanunie mbali. Wale wajomba walikuwa wajanja, walilijua hilo. Wangekuja wenyewe ningewatukana. Wakamtuma mtu ambaye siwezi kumtukana bila kucheka.

Na Mihayo walimdanganya. Walimwambia mwalimu amemchapa mtoto viboko akapitiliza, basi, wazee wakayamalize nyumbani.

Wakamfunga beberu nje ya mlango, Mihayo akaingia na maneno yake. Mara anadai chai yetu ina maji ya kuogea, mara anauliza kama mimi bado sijafa, na mimi mdomo ukaanza kunijibu wenyewe. Wajomba wakaweka maneno yao katikati ya vicheko. Mbuzi huyu ni wa kufungulia mdomo. Nyuma yake yanakuja mabati ya nyumba nzima. Mwalimu atahamishwa, mtoto ataendelea na shule, jina la binti halitatajwa, nani atamuoa mkienda kulitangaza polisi. Maneno yao yalikuwa malaini.

Nami, Mwajabu, nikainuka. Nikamwendea yule beberu. Nikamshika taya, nikamtazama meno.

Huku kwetu mtu akishamtazama mbuzi meno, kila mtu ameelewa. Hata kama hajatamka neno, bei imeanza. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani nilikuwa nawaza mvua inavyotunyeshea ndani. Wajomba wakatazamana. Mama yako akaweka kikombe chini.

Wewe ulikuwa umesimama mlango wa chumba, umeshika lile gazeti lako. Ukatoka ukafika katikati. Hukulia, wanaosema ulilia hawakuwepo. Ukawaamkia wote, shikamooni, wakaitikia. Ukamgeukia Mihayo, ukasema polepole kama unamsomea, "Mzee Mihayo, hawajakwambia alichonifanyia. Waulize."

Mihayo akawageukia. Mjomba mmoja akaanza kutazama dari. Yule mwalimu akatazama viatu.

Ukasema tena, na hili nalikumbuka vizuri kuliko jina la mama yangu: "Shule aliyotoka, kule upande wa wafugaji, walipokea ng'ombe. Wakamhamisha, akaletwa kwetu. Mkimpokea huyu mbuzi, atapelekwa kwa mtoto wa nani?"

Beberu akalia.

Ukasema, "Mimi nakwenda Korogwe." Ukaanza kutoka.

Mihayo, maskini, kichwa kilikuwa kimeshamchanganyika. Alikuwa ameahidi kuwapatanisha watu, na mtani akiahidi hapendi kushindwa. Akafanya alichozoea. Akavua shuka lake, akajifunika gubigubi, akalala kwenye kizingiti akauziba mlango mzima. Akasema kutoka ndani ya shuka, "Nimekufa. Nizikeni, au mpokee mbuzi."

Mtu hamruki mtani aliyelala hivyo. Mimi sijawahi kuona. Baba yangu hajawahi kuona. Tulibaki tumesimama, na nikawaona wale wajomba wanaanza kutabasamu.

Wewe ukamkaribia ukainama. Ukasema, "Shikamoo, mzee. Naomba njia."

Na maiti ikaitika, "Marahaba."

Ukainua kanga kidogo, ukamruka.

Nimesimulia mambo mengi, mengine ya kweli. Nimesimulia chui niliyelala naye shambani nikidhani ni mbuzi wa jirani. Lakini mguu wako ulipopita juu ya lile shuka, hewa ya nyumba ile ilibadilika. Ukakanyaga nje, hukugeuka nyuma, ukashika njia ya barabarani na gazeti lako kwapani. Nami, baba yako, simba wa Handeni, nikasema liwalo na liwe, nikamruka Mihayo nyuma yako. Akanidaka suruali, nikaivuta, ikachanika kuanzia goti mpaka huku juu. Nyuma yako ukasikia miguu, ni mimi.

Mama yako kila nikifika hapa anakohoa. Ni vumbi la jikoni.

Nikakukuta barabarani nahema. Ukanitazama, ukasema, "Baba, suruali." Nikasema, "Mihayo huyo." Ukacheka. Kucheka kwa kwanza tangu ushuke kwenye ile bodaboda. Tukapanda bodaboda moja, mshikaki, dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma nimeshika suruali kwa mkono mmoja na roho kwa mkono mwingine. Ndiyo maana huko Korogwe walioniona walisema nimepigana. Panga lilizaliwa hapo.

Pale dawatini tulimkuta afande mmoja mwanamke, mrefu, ana sauti ndogo. Nilidhani nitaanza mimi, mkubwa ni mimi. Nikamwambia afande, wazee wa upande wa pili wameshakuja, tumeanza kuongea, labda andika tu kidogo, usiandike sana. Akaniacha nimalize. Akasema, "Mzee, hii kesi siyo yako. Ni ya Jamhuri. Binti yako ni shahidi. Wewe hapa huna cha kusamehe."

Miaka yote hiyo mimi ndiye ninayesamehe. Nimesamehe walioniibia kuku, nimesamehe waliokula mahindi yangu mabichi, nilijua msamaha wote wa nyumba yangu uko mfukoni kwangu. Nikakaa kwenye benchi nimenywea kama mtoto. Halafu nikasikia mwili unakuwa mwepesi. Kumbe wale wajomba hata ningekula mbuzi, ningekula mabati, nisingekuwa nimewauzia kitu. Nilichotaka kuwauzia hakikuwa changu.

Afande akakuuliza wewe peke yako, mlango umefungwa. Akakupa fomu ya PF3, akatupeleka hospitali yeye mwenyewe, akamtafuta daktari mwanamke. Lile gazeti lako akalipokea kwa mikono miwili. Ulimuuliza kama ungekuwa umeoga ingekuwaje, nikasikia anavyokujibu: ungekuja tu, hata ungepita mwezi, hata mwaka, ungekuja tu, kupoteza nguo siyo kupoteza haki. Maneno hayo yashike. Wako watakaokuja kwako wameshaoga.

Filimbi alikamatwa kabla ya jioni, filimbi shingoni.

Na hapa nikusimulie habari ya marehemu. Mihayo alibaki amelala pale kizingitini mpaka wale wageni walipoondoka, wakimruka mmoja mmoja, hakuna aliyemwamkia. Akaamka, akamkokota yule beberu kwa miguu mpaka Korogwe. Akaingia naye polisi. Akasema jina la kila mtu aliyemtuma, na zizi alikotolewa mbuzi, na walichomwambia aseme. Akaandikwa shahidi. Mbuzi naye akapigwa picha. Kwa hiyo wanaosema tulimla, wakamuulize aliyempiga picha.

Tangu siku hiyo Mihayo anajiita marehemu. Wewe anakuita mzishi wangu. Hadai jogoo tena kwenye msiba wowote, anasema ameshazikwa, hana haki.

Kesi ilichukua muda, unajua. Iliahirishwa mpaka nikazoea wauza karanga kwa majina. Ilipofika siku yako ya kusema, hakimu akatoa watu wote. Walibaki wanaotakiwa. Jina lako halikusomwa nje. Mimi nilikuwa shahidi, haikuruhusiwa nikusikie kabla sijasema mimi. Nikakaa kwenye benchi na marehemu. Nilitaka kufanya mzaha, mzaha wenyewe ukakataa kutoka. Mihayo naye akakosa tusi. Watani wawili tumekaa kama mawe, na wapita njia wanadhani tumegombana.

Wakili wa serikali alikuwa amekwambia kwamba kwa makosa kama haya, ushahidi wa aliyefanyiwa, hakimu akiuamini, unaweza kutosha peke yake. Nililifikiria hilo sana pale nje. Mtu mmoja, msichana, anasema, na serikali nzima inanyamaza imsikilize. Mimi nimehangaika miaka yote kupata watu wa kunisikiliza, na huwa nawapa kahawa.

Ukatoka. Nilisimama. Nilidhani utalia, nimeandaa leso. Ukaniambia, "Baba, nina njaa." Tukaenda pale kwa mama ntilie, ukala wali maharage, ukaomba sahani nyingine, ukala na ya Mihayo. Hukusema neno juu ya mle ndani, nami sikuuliza, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mdomo wangu.

Siku yangu ilikuja. Kabla sijaingia, wakili wa serikali akaniita pembeni. Alikuwa ameshanisikia benchini nikisimulia habari ya chui. Akasema, "Mzee, ndani humu usiongeze kitu. Hata kidogo. Ukiongeza kimoja, watasema vyote umeongeza." Mwajabu, niliogopa. Wengine wanaogopa korti kwa sababu wamefanya uovu. Mimi niliogopa kwa sababu sijawahi kufika mwisho wa habari bila kuitilia chumvi.

Nikaapa kwa Msahafu. Swali la kwanza, umri wako. Jambo kubwa sana hilo kumbe. Mtoto chini ya miaka kumi na minane, hakuna habari ya alikubali au alikataa, sheria haiulizi, kwa hiyo lazima umri uthibitishwe. Nikaanza kueleza kwamba ulizaliwa mwaka ule mto ulifurika, na mkunga alikuja amebebwa mgongoni na... Wakili akasema, "Jibu swali, mzee." Nikameza mkunga wangu, nikasema mwezi na mwaka. Mama yako alikuwa ameitunza kadi yako ya kliniki kwenye sanduku la nguo, akaitoa ilipofika zamu yake, ikakubaliana na mimi. Mara ya kwanza karatasi kukubaliana na mimi.

Halafu akasimama wakili wa Filimbi. Kijana nadhifu, mpole. Akaniuliza, "Mzee, walipoleta mbuzi, ulimtazama meno, au hukumtazama?"

Nikaona anakokwenda. Alitaka kusema sisi tulitunga, kwamba familia maskini imeona mwalimu ana mshahara, ikamtengenezea kesi ili ipate mbuzi na mabati, na mbuzi alipoonekana mzee, tukakasirika tukaenda polisi. Na ushahidi wa hilo ni mkono wangu mwenyewe kwenye taya la beberu. Kosa langu la dakika moja lilikuwa limekaa pale mbele ya hakimu, linataka kubeba maneno yako yote liyatupe nje. Nikisema uongo, Mihayo alikuwepo, ataulizwa, na mimi na wewe tutaonekana waongo wawili. Nikisema kweli, je?

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani, akaniambia nijibu.

Nikasema, "Nilimtazama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nataka kumpokea. Binti yangu ndiye aliyekataa."

Nikaona hakimu anaandika. Sikuongeza neno. Mwanangu, sikuongeza hata moja, ulimi ulikuwa unaniwasha.

Hukumu iliposomwa, hakimu alilitaja jibu langu. Alisema baba aliyekuwa tayari kupokea mbuzi siye aliyeitunga kesi, na kwamba msichana alikataa kupatanishwa mbele ya wazee wake wote, na hilo linampa sababu ya kumwamini zaidi. Filimbi alifungwa miaka thelathini. Alikata rufaa, rufaa ikakataliwa. Na yule binti wa upande wa wafugaji, ambaye baba yake alipokea ng'ombe, alikuja mwenyewe dawatini na mtoto mgongoni, akasema na yeye aandikwe. Hakuna aliyekwenda kumtafuta. Alisikia tu kwamba Korogwe kuna msichana ameaminiwa.

Hayo yote umeyafanya wewe. Mimi nimeyapigia kelele tu.

Sasa unakwenda kuwa mwalimu, na umeomba ufundishe michezo. Watu wamekushangaa. Mimi nilielewa, ingawa nilijifanya sielewi. Unataka ile filimbi iwe shingoni mwa mtu mwingine. Siku moja binti atakuja kukwambia anataka kuacha netiboli. Usimuulize kama amenenepa. Basi, sina jingine la kukufundisha, mengine yote nimejifunza kwako.

Lakini barua haijaisha. Mama yako ameamka, amekaa kwenye mkeka ananitazama, na safari hii hakohoi.

Sikumruka Mihayo.

Uliporuka wewe, mimi nilisimama. Nilimtazama yule mtu amelala kwenye shuka, rafiki yangu tangu ujana, mtani wa baba yangu, nikainua mguu, nikaurudisha. Nikageuka. Nikapita mlango wa uani, nikapita jikoni kwa mama yako, nikapenya ua wa michongoma kama mwizi wa kuku, na suruali ikachanikia huko. Mihayo hakunishika. Ananifichia mpaka leo, na mama yako kila nikifika pale anakohoa ili asicheke. Kortini yule kijana aliniuliza nilitokea wapi, nikasema mlango wa uani, maana nilikuwa nimeapa. Gulioni hakuna aliyewahi kuniapisha.

Umeniambia mara nyingi kwamba uliweza kutembea mpaka barabarani kwa sababu ulisikia miguu yangu nyuma yako. Mwanangu, hapakuwa na miguu. Labda ni beberu alikuwa anavuta kamba. Kuanzia kizingitini mpaka barabarani ulikwenda peke yako kabisa, mimi nikiwa kwenye miiba.

Nimemwambia Mihayo nakuandikia haya. Amesema ukirudi likizo atalala tena palepale kizingitini, na shuka lilelile, ili nimruke wewe ukiwa unaona. Ameniomba nimwamkie kwanza.

Baba yako,
Mhina, wa mlango wa uani